Kupima Mwendo wa Macho katika Utafiti wa Mizani ya Mwili: Njia Nne kwa Mtafiti wa Uganda

Mtafiti anayetaka kuchunguza mizani ya mwili hawezi kuvifikia viungo vyenyewe kwa urahisi, kwa kuwa mifereji nusuduara mitatu na vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa, vilivyomo katika kila sikio la ndani, vimefichwa katika sehemu ya fuvu iliyo ngumu kuliko zote. Kinachoonekana kwa nje ni jicho. Kichwa kinapogeuka, taarifa hutoka sikioni, hupita katika mnyororo wa seli tatu tu za neva, na huifikia misuli ya jicho katika muda wa takriban milisekunde 10, hivyo jicho huzunguka kuelekea upande wa pili kwa kasi inayokaribia kulingana na ile ya kichwa, na taswira hubaki imetulia kwenye retina. Refleksi hii ndiyo dirisha la utafiti wote wa mfumo wa vestibula, yaani mfumo wa mizani ulio katika sikio la ndani, tangu enzi za Robert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya mfumo huo, hadi leo.

Makala haya yanamlenga mwanafunzi wa uzamili, daktari wa masikio, pua na koo, au mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeko Makerere, Mbarara, Gulu au kwingineko nchini, ambaye swali la utafiti tayari analo lakini hajaamua atayapimaje macho. Njia ni nne: jicho la mtafiti likisaidiwa na miwani ya Frenzel, elektrodi za ngozini, miwani yenye kamera za infraredi, na koili inayovaliwa jichoni. Mara nyingi uamuzi huanzia kwenye bei au kwenye kifaa ambacho idara jirani inacho, na hapo ndipo tafiti nyingi nzuri huharibika mapema. Kifaa kisichoendana na mwendo unaopimwa hakitoi jibu hafifu ambalo baadaye linaweza kusafishwa kwa takwimu. Hutoa jibu lisilo la kweli, tena kwa namba zinazopendeza.

Vigezo vya kuangalia kwanza

Kigezo kilicho kizito kuliko vyote ni kasi. Nistagmasi, yaani mtikisiko wa macho wa kurudiarudia usio wa hiari, inayoamshwa kwa kumwagia sikio maji ya nyuzi 30 na 44 za Selsiasi, kwa utaratibu uliowekwa na Fitzgerald na Hallpike mwaka 1942, hupiga polepole na huendelea kwa dakika moja hadi mbili, kwa hiyo kifaa cha kawaida kinaifuata bila taabu. Jaribio la kugutua kichwa, walilolieleza Halmagyi na Curthoys mwaka 1988, ni jambo jingine kabisa. Kichwa hugeuzwa nyuzi 10 hadi 20 tu, lakini kwa kasi inayoweza kupita nyuzi 150 kwa sekunde, na tukio zima humalizika katika muda ulio chini ya robo ya sekunde. Mtu ambaye sikio lake limeharibika hulirudisha jicho kwenye shabaha kwa mruko wa haraka, na mruko huo unaweza kutokea kichwa kikiwa bado kinakwenda, ukachukua takriban milisekunde 40 tu. Kamera ya simu inayopiga picha 30 kwa sekunde huacha pengo la milisekunde 33 kati ya picha moja na inayofuata, hivyo mruko mzima utaangukia kwenye picha moja au mbili, na hakuna atakayeweza kusema ulianza lini wala ulikuwa na kasi gani.

Kigezo cha pili ni mhimili. Jicho huenda kulia na kushoto, juu na chini, tena hujisokota likizunguka kwenye mboni yake, na msokoto huo ndio unaobeba habari za mifereji ya wima na za vile vifuko vya vijiwe. Cha tatu ni uwezo wa kupima bila mshiriki kukazia macho kitu chochote, kwa sababu nistagmasi itokanayo na sikio hupungua au kutoweka kabisa mtu anapopata kitu cha kukitazama. Vinavyobaki, yaani mzigo anaobebeshwa mshiriki na uwezekano wa kukitunza kifaa katika mazingira yetu, havihitaji maelezo marefu hapa, ila visipuuzwe: kamati ya maadili itauliza juu ya mzigo, na umeme ukikatika katikati ya zoezi, suala la matunzo litajiuliza lenyewe.

Jicho la mtafiti na miwani ya Frenzel

*Inachokiona.* Miwani hii ina lenzi nene, za takriban dayopta 20, pamoja na taa ndogo ndani yake, hivyo mvaaji haoni kitu cha kukikazia macho, ilhali mchunguzi anayaona macho yake yakiwa yamekuzwa. Mihimili yote mitatu huonekana, ukiwemo msokoto, na hili ni jambo ambalo baadhi ya mashine za gharama haziliwezi. Anayechunguza kizunguzungu kitokanacho na vijiwe vilivyohama, akamlaza mgonjwa kwa jaribio la Dix na Hallpike la mwaka 1952, ataiona nistagmasi ikipiga kuelekea juu huku ikijisokota, na mwelekeo huo utamwambia sikio lililoathirika ni lipi.

*Kasi na usahihi.* Jicho la binadamu haliandiki namba. Linatambua mwelekeo vizuri, linakadiria nguvu kwa shida, na linapitwa kabisa na ile miruko inayotokea kichwa kikiwa bado kinakwenda. Hata hivyo lisidharauliwe. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 101 wa kizunguzungu kikali cha ghafla waliokuwa na kihatarishi cha kiharusi, ambao walipimwa kwa hatua tatu za kitandani, yaani kugutua kichwa, kutazama mwelekeo wa nistagmasi, na kuangalia kama jicho moja limekaa juu ya jingine. Hatua hizo hazikumpita mgonjwa yeyote wa kiharusi, wakati picha za MRI za mwanzo ziliwakosa baadhi yao. Ila ikumbukwe kwamba aliyepima alikuwa mtaalamu aliyebobea wa macho na neva, na matokeo hayo hayahamii kwa mtu aliyejifunza juzi.

*Mzigo kwa mshiriki.* Ni mdogo sana.

*Matunzo na gharama.* Betri, kitambaa safi na dawa ya kusafishia baada ya kila mshiriki vinatosha. Gharama halisi iko kwenye mafunzo ya wachunguzi, na kwa utafiti haiepukiki, kwa kuwa mapitio yatadai wachunguzi wawili waliopima bila kujuana majibu, pamoja na kipimo cha makubaliano yao.

*Inamfaa nani.* Anayehesabu wangapi wana tatizo na wangapi hawana, katika zahanati au vijiji vingi, na ambaye swali lake linajibiwa na ndiyo au hapana.

Elektrodi za ngozini

*Inachokiona.* Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ina chaji chanya ikilinganishwa na retina iliyo nyuma, jambo ambalo Emil du Bois-Reymond alilionyesha mwaka 1849, na kwa hiyo jicho linapogeuka, volti kati ya elektrodi mbili zilizobandikwa kando ya pembe za macho hubadilika kwa takriban maikrovolti 15 hadi 20 kwa kila nyuzi moja. Mwendo wa kulia na kushoto husomeka vizuri. Wa juu na chini huchafuliwa na kope zinazopepesa, na msokoto hausomeki hata kidogo, kwa sababu jicho likijisokota pale pale lilipo, konea na retina hazibadilishi upande. Faida yake kubwa ni kwamba hupima gizani kabisa na hata macho yakiwa yamefumbwa, na uwezo huu wa pili kamera haina.

*Kasi na usahihi.* Usahihi ni wa takriban nyuzi moja, unaotosha kwa nistagmasi ya maji na kwa kiti kinachozunguka polepole. Kuna matatizo mawili ambayo mtafiti wa hapa atakutana nayo siku ya kwanza. La kwanza ni kelele ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, inayoingia kutoka kwenye taa, feni na nyaya zisizo na waya wa ardhini. Ukiichuja ili mchoro uwe laini, unapunguza pia ncha za miruko ya haraka, na ndiyo maana njia hii haifai kwa jaribio la kugutua kichwa. La pili ni kwamba volti ya jicho yenyewe hupanda na kushuka kadiri mtu anavyozoea mwanga au giza, na mabadiliko hayo huchukua dakika nyingi. Aliyesanifisha kifaa, yaani aliyelinganisha volti na nyuzi za mwendo wa jicho, kwenye chumba chenye mwanga, kisha akazima taa na kupima kwa dakika 15, anatumia kipimo ambacho hakipo tena. Inabidi mshiriki akae kwanza katika mwanga hafifu usiobadilika, kisha usanifishaji urudiwe kabla ya kila jaribio.

*Mzigo kwa mshiriki.* Ngozi husafishwa kwa spiriti na kusuguliwa kidogo, kisha elektrodi hubandikwa. Hakuna maumivu, na watoto huvumilia. Katika chumba chenye joto jasho hulegeza gundi na kufanya mchoro uteleze taratibu upande mmoja, kwa hiyo saa za asubuhi ni bora kuliko alasiri.

*Matunzo na gharama.* Elektrodi ni vitu vya kutumia na kutupa, na vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali kwa kuwa aina zinazokaribiana nazo hutumika kupimia moyo. Kikuza mawimbi ya umeme ya mwili kinachotumia betri huondoa sehemu kubwa ya kelele ya umeme, na fundi wa vifaa tiba mwenye ujuzi anaweza kukirekebisha hapa hapa.

*Inamfaa nani.* Mwenye bajeti ndogo anayepima nistagmasi ya polepole kwenye mhimili wa ulalo. Anayelazimika kupima macho yakiwa yamefumbwa. Na anayewapima watu ambao kope zao huziba mboni.

Miwani yenye kamera za infraredi

*Inachokiona.* Kamera ndogo hulipiga picha jicho kwa mwanga ambao mshiriki hauoni, na programu hutafuta kitovu cha mboni katika kila picha. Mfuniko ukishushwa, mshiriki anabaki gizani na hana cha kukikazia macho, ilhali mtafiti anaendelea kuona. Mihimili ya ulalo na wima hupimwa moja kwa moja, na baadhi ya programu hupima msokoto kwa kufuata mistari iliyo kwenye duara la rangi linalozunguka mboni. Wapo wanaohofu kwamba macho meusi ya kahawia, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hayasomeki vizuri. Kwa mwanga wa infraredi hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani rangi ya duara hilo hurudisha mwanga huo kwa wingi, na mboni huonekana nyeusi katikati ya duara jeupe.

*Kasi na usahihi.* Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu miwani miwili inayofanana kwa sura inaweza kutofautiana sana. Ile ya kutazamia nistagmasi hupiga picha 60 au 100 kwa sekunde. Ile ya kugutua kichwa hupiga karibu 250, na hubeba pia kihisi cha mwendo wa kichwa, ili uwiano wa kasi ya jicho kwa kasi ya kichwa uhesabiwe. Kwa mifereji ya ulalo, uwiano ulio chini ya 0.8 kwa kawaida huhesabiwa kuwa wenye kasoro. Mwaka 2009 miwani ya aina hii ililinganishwa na koili ya jichoni kwa wakati mmoja, na matokeo yakaendana kwa karibu.

Adui wake mkubwa ni kuteleza. Miwani ikisogea milimita moja wakati wa kugutua, kamera itasoma kwamba jicho ndilo limekwenda, na uwiano utapanda kupita 1 kwa mtu ambaye pengine sikio lake limekufa. Mkanda unaofungwa juu ya wigi, misuko minene au ushungi huteleza kuliko unaofungwa kwenye nywele fupi, na hili lisitatuliwe kwa kuukaza mpaka mshiriki aumie kichwa. Afadhali mkanda upitishwe chini ya misuko, au wigi livuliwe kwa ridhaa ya mwenyewe mahali pa faragha. Wanja na rangi ya kope pia ni vya kufutwa, kwa kuwa programu huweza kuvidhania kuwa ni mboni. Na kabla ya yote mshiriki aelezwe kwa lugha anayoizoea: "Mama, tazama nukta ile tu, hata nikikigeuza kichwa chako ghafla; shingo ilegeze, niachie mimi." Asipoelewa, atakaza shingo, na kasi inayohitajika haitafikiwa.

*Mzigo kwa mshiriki.* Ni mwepisi, dakika chache kwa kila jaribio. Mwenye maumivu au jeraha la shingo asigutuliwe, na hili linawahusu hasa majeruhi wa bodaboda, kundi ambalo watafiti wengi wa majeraha ya kichwa nchini wangependa kulipima.

*Matunzo na gharama.* Bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya elektrodi, na ikiharibika kwa kawaida hurudishwa kwa mtengenezaji nje ya nchi. Inaendeshwa na kompyuta ndogo yenye betri, hivyo kukatika kwa umeme hakusimamishi kazi. Nashauri swali moja lisikose kuulizwa kabla ya kulipa: je, mashine hutoa data ghafi ya kila picha, au hutoa jumla na mchoro tu? Daktari wa kliniki anaweza kuridhika na jumla. Mtafiti hawezi, kwa sababu asipoiona data ghafi, hana njia ya kutenganisha mruko wa kweli na miwani iliyoteleza.

*Inamfaa nani.* Anayetaka namba za kila mfereji kwa watu wengi kiasi, bila kuwagusa macho.

Koili ya jichoni

*Inachokiona.* David A. Robinson aliieleza njia hii mwaka 1963. Waya mwembamba uliozungushwa ndani ya pete laini huwekwa juu ya jicho, mshiriki huketi ndani ya uga wa sumaku, na umeme unaozaliwa kwenye waya hueleza jicho limeelekea wapi. Koili ya pili ndani ya pete hiyo hupima na msokoto. Mihimili yote mitatu hupatikana kwa pamoja, gizani au penye mwanga.

*Kasi na usahihi.* Hakuna kinachoishinda. Huchukua vipimo 1,000 kwa sekunde na hutambua mwendo ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi.

*Mzigo kwa mshiriki.* Jicho hutiwa dawa ya ganzi, pete hubandikwa, na kwa kawaida haiachwi kupita takriban nusu saa. Konea inaweza kukwaruzwa, na macho huwa mekundu baadaye. Daktari wa macho awepo, na wenye maambukizi au makovu ya macho waondolewe kwenye utafiti. Katika maeneo kama Karamoja na Busoga, ambako trakoma imekuwepo kwa miaka mingi, uchunguzi wa kope na konea kabla ya zoezi si hiari.

*Matunzo na gharama.* Fremu ya sumaku huhitaji chumba maalumu kisicho na vyuma vingi karibu, na pete ni ghali na waya wake hukatika. Kwa idara isiyo na fundi wa kudumu, ni vigumu kuidumisha.

*Inamfaa nani.* Maabara ya fiziolojia inayopima watu wachache kwa undani mkubwa, au inayotaka kuhakiki kifaa kipya dhidi ya kipimo cha rejea.

Kuchagua kwa hali yako

Kama unachunguza madhara ya dawa za sindano kama gentamaisini, au streptomaisini ambayo kwa miaka mingi walichomwa wagonjwa wa kifua kikuu waliorudia matibabu, miwani ya kamera ya picha 250 kwa sekunde ndiyo ya kuipigania kwenye bajeti. Dawa hizi huharibu masikio yote mawili kwa pamoja, hivyo nistagmasi ya kujitokeza yenyewe kwa kawaida haipo, na mgonjwa huenda asilalamikie kizunguzungu. Atasema anayumba usiku na kwamba vibao vya barabarani vinaruka anapotembea. Miwani ya Frenzel peke yake ingewaandika wengi wao kuwa wazima. Pesa zisipopatikana, jaribio la maji lenye elektrodi linaweza kuonyesha udhaifu wa pande zote mbili, mradi ripoti ieleze wazi kwamba limepima mwitikio wa polepole wa mfereji wa ulalo pekee.

Kama ni kizunguzungu cha vijiwe vilivyohama, usitumie elektrodi, kwa sababu msokoto ndio unaoutafuta. Miwani ya Frenzel na wachunguzi wawili waliofunzwa inatosha kabisa, na kamera ya infraredi ya kasi ya kawaida ikiongezwa, itakuwezesha kuhifadhi picha ili mtu wa tatu azipitie bila kujua utambuzi wa awali.

Utafiti wa wagonjwa wa dharura wanaoshukiwa kuwa na kiharusi unategemea zaidi aliyepo zamu saa 8 usiku kuliko mashine. Mahali ambapo mtaalamu hayupo wakati wote, miwani ya kugutulia huwa na thamani kubwa, kwani rekodi yake inaweza kupitiwa asubuhi, na hivyo utafiti hautegemei kumbukumbu ya mtu mmoja.

Wanaopima watoto wadogo watakuta miwani mingi ni mipana kwa nyuso zao. Elektrodi huenda zikawa bora kwao, au kamera iliyosimamishwa mbali kidogo badala ya kuvaliwa, mtoto akiwa amepakatwa na mzazi.

Anayekwenda vijijini bila umeme wa uhakika achukue miwani ya Frenzel kama kipimo kikuu, na kama anayo ya kamera, aitumie kwa sehemu ya washiriki waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ili aweze kusema jicho la mchunguzi lilikosea kwa kiasi gani. Mpango huo wa njia mbili uandikwe tangu kwenye pendekezo linalokwenda kamati ya maadili na kisha UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda), pamoja na fomu za ridhaa za kila kipimo, kwa kuwa kuongeza kifaa baada ya idhini kutolewa humaanisha kurudi kuomba marekebisho na kusubiri upya.